Sista Aliyetumalizia Mashuka

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Sista Hebu anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na minane ya kuwahudumia wagonjwa katika zahanati yetu. Neno "rasmi" nimeliweka makusudi, maana hii ni mara ya tatu tunamuaga. Mara ya kwanza alilia, akapokea maua, na Jumatatu akarudi eti amesahau miwani. Aliitafuta kwa miezi kumi na mmoja. Mara ya pili shirika lake lilituma gari limchukue. Gari likaondoka na mama mjamzito aliyezidiwa, Sista akabaki barazani akilipungia mkono.

Kamati imenipa mimi, mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu huu. Wanasema ndimi niliyegombana naye kuliko wote. Sikatai.

Jina lake la kitawa liko kwenye kadi ya mwaliko. Sisi tunamwita Sista Hebu kwa sababu kila balaa lake huanza na neno hilo. Hebu sogea. Hebu nipe. Hebu fungua.

Alikuja akiwa muuguzi wa miaka ishirini na tisa, zahanati ikiwa vyumba viwili na benchi moja. Leo tuna vitanda ishirini na vinne, wodi ya wazazi, na chumba cha vidonda alichokianzisha mwenyewe kwa meza ya kukunja na ndoo. Kila alasiri alitembea kwa miguu hadi nyumba za nyuma ya soko kuwaona wagonjwa wasioweza kuja. Wauguzi aliowafundisha wametapakaa kila upande, na wote wana tabia moja mbaya: hawajui kusema "hakuna".

Nizungumzie mashuka. Mwaka wangu wa kwanza nilipokea mashuka mapya sitini, nikayapanga kabatini, nikajisifu. Baada ya miezi mitatu yalibaki kumi na tisa. Mengine yalikuwa yamekwenda nyumbani na wazazi, watoto wachanga wakiwa ndani yake. Nilipomkabili, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Ulitaka niwafunike kwa funguo zako?" Jibu bado ninalitafuta.

Lakini kisa kilichotaka kunitoa roho ni cha yule babu mwashi, miaka tisa iliyopita. Alikuwa na kidonda mguuni kilichonuka kiasi kwamba mkwe wake alimhamishia uani. Hospitali kubwa walitaka kuukata mguu, naye akakataa kwa matusi. Sista alimkuta huko katika mizunguko yake, akaazima mkokoteni, akausukuma mwenyewe hadi kwetu. Vitanda vilikuwa vimejaa. Akaja mlangoni kwangu. "Hebu sogeza hayo maboksi."

Nilisema haiwezekani. Daktari mkuu naye alisema haiwezekani, tena kwa barua: wakaguzi walitarajiwa wakati wowote, na zahanati iliyolaza mgonjwa stoo ingeweza kufungwa. Sista aliisoma barua yote, akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kuchemsha maji ya chumvi.

Kwa wiki tano nilifanya kazi nikiwa nimejifunga kitambaa puani. Asubuhi na jioni Sista alipiga magoti sakafuni akisafisha kile kidonda, na asubuhi na jioni babu alimtukana. Chai ilikuwa baridi. Bandeji ilikuwa inabana. Siku moja alimrushia kikombe. Mimi nilichemka, nikamwambia Sista amrudishe alikomtoa. Yeye aliokota vigae. "Akiwa na nguvu za kurusha, basi anapona," alisema.

Wakaguzi wakaja bila taarifa. Nilisimama mbele ya mlango wa stoo, nikadai ufunguo umepotea, huku ukining'inia kiunoni. Mkaguzi mkuu aliuchukua, akanisogeza kando, akafungua. Babu alikuwa amekaa kwenye godoro, mguu umefungwa, maboksi yangu yamemzunguka. Sista alikuwa nyuma yetu na beseni lake la maji ya chumvi.

"Huyu ni nani?" mkaguzi aliuliza.

Babu, ambaye hakuwa ametamka neno jema tangu afike, akanyoosha kidole ukutani. "Mimi ni fundi. Nawangoja hawa wavivu waniletee saruji niuzibe huo ufa."

Mkaguzi aliutazama ufa. Akautazama mguu. Akamtazama Sista. Kisha akaandika kwamba ukuta wa stoo urekebishwe haraka, akafunga mlango taratibu.

Wiki sita baadaye babu alisimama kwa miguu yake miwili, akauziba ufa kweli, akalalamika kwamba saruji yetu ni mbovu. Akaondoka bila kusema asante. Nilimuuliza Sista kama haikumuuma. Alicheka hadi akashika ukuta. Hajawahi kunieleza alicheka nini.

Basi mtaelewa kwa nini nilijiandaa kwa vita safari hii pia. Havikutokea. Mwezi wa tatu muuguzi kijana alimkuta Sista akinusa chupa za dawa moja moja, kwa kuwa haoni tena lebo. Kesho yake Sista alikuja ofisini kwa daktari mkuu, nami nikiwepo, akasema mwenyewe: "Nikiendelea nitamdhuru mtu. Niageni." Hakusema hebu. Nilitoka nje nikiwa na hasira, na mpaka leo sijui nilikuwa nimemkasirikia nani. Miaka kumi na tisa nimemwomba mama huyu anisikilize, na siku aliyokubali nilitamani abishe.

Kwa niaba ya wauguzi, madereva, wapishi, wafagiaji na wote uliotutia presha, asante, Sista. Mungu akujalie siku nyingi zenye utulivu katika nyumba ya masista wenzako. Sasa kaa chini. Mwache mtu mwingine akuletee maji, uyanywe mpaka yaishe, bila kuangalia nani mwingine ana kiu.