Kocha Régine na Mazoezi ya Majira ya Mvua

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mama aliyewatoa watoto wetu ndani mwezi wa Januari, wakakimbia kwenye matope, huku wewe na mimi tumejikunyata tukisubiri mvua ikatike. Jina lake ni Régine Balagizi. Wengi hapa katika kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka mlimwita Kocha Régine. Aliaga dunia Jumanne iliyopita katika hospitali moja ya Lilongwe, akiwa na umri wa miaka hamsini na mbili. Tulimzika Alhamisi, hapa hapa Dzaleka.

Kocha Régine alizaliwa Bukavu. Alikuwa fundi wa kushona, alikuwa mwimbaji wa kwaya, na alikuwa kocha wa Radi, timu yetu ya softiboli ya wasichana. Kwa ambao hawajawahi kuuona mchezo huu: mmoja anarusha mpira kwa mkono wa chini, mwenzake anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka pembe nne kabla mpira haujarudishwa. Anayerusha ndiye roho ya timu. Shikeni hilo, maana huyo mrushaji tutamhitaji sasa hivi.

Régine mwenyewe hakuwahi kucheza. Aliletewa glavu saba zilizochanika ili azipitishe kwenye cherehani yake. Alizishona, akazipeleka uwanjani kwa miguu yake, akataka kuona zinafanya kazi gani. Mume wake, Papa Hubert, anaikumbuka siku hiyo.

"Mi nilizani anaenda kurudisha tu zile glavu, arudi tukule," anasema. "Njo ikakuwa miaka munane."

Mwalimu aliyeanzisha timu alihamia nchi nyingine mwaka uliofuata. Régine akabaki na mipira, magongo na wasichana kumi na wanane. Jezi alizishona mwenyewe kwa vitambaa vilivyobaki kazini, na mgongoni mwa kila jezi akaandika jina la mchezaji kwa uzi mwekundu.

Shida yake ilikuwa mvua. Mashindano ya Lilongwe huanza mwezi wa Mei. Kuanzia Novemba hadi Aprili hakuna mechi, na pasipo mechi wasichana hawaji. Januari ya kwanza walikuja wanne. Mei wakaenda Lilongwe, wakafungwa mpaka dereva wa minibasi akawaonea huruma.

Tuseme ukweli, wasikilizaji wapendwa, marehemu hakuwa mtu wa kubembeleza. Alichukua kanuni ya kwaya yao. Nyie waimbaji mnaijua: ukikosa mazoezi mara tatu, Jumapili unakaa na waumini, sare ya kwaya huvai. Akaipeleka uwanjani. Jumanne na Jumamosi anaita majina. Ukikosa mara tatu, jezi huvai. Na sababu hakutaka kuzisikia.

Ikafanya kazi, tena sana. Januari iliyofuata walikuja kumi na sita, wamelowa chapachapa, wanacheka. Régine akaanza kutembea kwa madaha, kana kwamba Mei imeshafika na kombe liko mezani.

Halafu akakosekana Gentille. Huyu ndiye mrushaji niliyewaambia. Alikuwa na miaka kumi na sita, mtoto wa wakulima kutoka Fizi, na mkono wake ulikuwa hauna mpinzani hapa kambini. Gentille hakuja Jumanne. Hakuja Jumamosi. Jumanne ya pili pia hakuja. Régine aliita jina lake, akangoja, akaita tena. Kisha akatoa jezi ya Gentille kwenye mfuko, akatoa wembe, na mbele ya wasichana wote akalifumua lile jina, herufi moja moja. Régine mwenyewe hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alikuwa na uhakika kabisa.

Jioni hiyo walikuwa jikoni, yeye na binti yake Douce, ambaye alikuwa anacheza Radi na kuimba kwaya vile vile.

"Maman," Douce akasema, "Gentille iko Madisi na mama yake. Banafanya ganyu, banalima shamba ya batu. Posho ilipunguka, haibatoshe."

"Sasa mbona hakusema?"

"Angesema kwa nani? We ulisema hautaki sababu." Douce akaona ameshaanza, akamalizia. "Na kwenye chorale si vile. Mutu akienda safari anatuma habari, tunamuombea, jina yake inabakia. We ulichukua kanuni nusu."

Régine alikuwa ameimba kwaya miaka ishirini. Alijua mtoto anasema kweli. Alisimama na mwiko mkononi mpaka nsima ikaungua, na siku hiyo familia nzima ilikula iliyoungua bila kulalamika.

Kesho yake alipanda minibasi hadi Madisi. Kutoka hapo akachukua kabaza, na mwenye baiskeli akampeleka mpaka njia ilipoishia. Alikuwa na glavu moja na mipira miwili. Alimkuta Gentille katikati ya matuta ya karanga, jembe mkononi. Msichana alipomwona akainamisha kichwa. Alidhani Kocha amekuja kumgombeza mbele ya mama yake.

Mama Gentille anatusimulia. "Alitusalimia muzuri. Kisha akaomba jembe. Mi nikamuambia, Coach, we ni mutu wa mashini, utaumiza mikono. Akasema, nipe tu. Akapalilia na sisi mpaka saa sita. Matuta yake ilikuwa mubaya, mwenye shamba alicheka mpaka machozi."

Saa sita Régine aliweka jembe chini. "Gentille, nilikosa," akasema. "Nilitoa jina yako bila kuuliza uko wapi. Unisamehe."

Gentille alifuta mikono kwenye kitenge, kisha akauliza jambo moja tu. "Coach, mahali yangu ulipatia nani?"

"Hakuna mutu."

"Basi sawa."

Wakasogea pembeni mwa shamba, mmoja akarusha, mwingine akadaka, mpaka kazi ya mchana ilipoanza. Gentille akaachiwa glavu na mipira.

Kuanzia hapo kanuni ikawa nzima. Anayeondoka anatuma habari, anaondoka na mpira, na huko aliko anarusha. Jina lake linaitwa, na mwenzake anamjibia. Waliopita karibu na uwanja msimu ule walisikia: "Arlette?" na sauti ya msichana mwingine, "Iko Mitundu, Coach! Iko narusha!"

Gentille alirudi mwezi wa Machi. Régine aliwakalisha wasichana wote chini, akatoa sindano. "Nilifumua mbele yenu, nashona mbele yenu," akasema. Uzi mwekundu ulikuwa umeisha, akatumia wa bluu. Alishona kwa mkono, taratibu, na mazoezi ya siku hiyo yakaishia hapo. Mei walishinda mechi tatu Lilongwe, wakapoteza fainali kwa pointi moja. Walirudi wakiimba kuliko walioshinda.

Januari hii Kocha Régine aliugua. Alipelekwa Lilongwe, na Douce akapokezana na Gentille kumwuguza. Gentille sasa ana miaka ishirini, na bado ni mrushaji wa Radi. Jumamosi ya mwisho, Régine alifungua macho asubuhi, akamwona kando ya kitanda, akakunja uso.

"Leo ni Samedi. Unafanya nini hapa?"

"Nilituma habari, Coach."

"Na mpira?"

"Niko nayo."

"Basi enda urushe. Nataka kusikia."

Gentille akatoka. Chini ya dirisha la wodi akaanza kurusha mpira ukutani, akaudaka, akarusha tena. Muuguzi mmoja alitoka kumkataza. Alipoambiwa anayesikiliza ni nani, akarudi ndani. Douce anasema mama yake alikuwa akihesabu kwa vidole juu ya shuka, anatabasamu, mpaka usingizi ukamchukua.

Papa Hubert, Douce, wanakwaya wenzake na ninyi wasichana wa Radi, tunawapa pole kutoka moyoni. Mlikuwa na mtu, na sisi sote tulimwona. Mungu ampumzishe Kocha Régine kwa amani.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujipime. Mvua bado ipo. Yupo mtu ambaye viti vya kanisani kwako, au darasani kwako, au mezani kwako, vimezoea kukaa bila yeye, na wewe umeshamhukumu. Leo, kabla giza halijaingia, nenda umuulize yuko wapi. Ikibidi, shika naye jembe.