Yotham wa Gulwe na Mapanga Yaliyokatika

Mbukwenyi, wasikilizaji wapendwa! Mimi ni Sikuzani, na leo namkumbuka mhunzi. Jina lake Yotham, wa Gulwe, wilaya ya Mpwapwa. Alizaliwa kabla Mjerumani hajatia mguu uwanda huu, akafariki mwaka mmoja baada ya Uhuru. Ngoja niseme mapema: hii si habari ya shujaa. Mwenyewe alikataa kuitwa hivyo, na mimi nani nibishane na marehemu?

Turudi mwaka 1909. Reli inatoka pwani, na mbele yake ni vichaka vitupu. Wewe unayeijua Gulwe unavijua: miiba, migunga, na katikati yake mpingo, mti usio na huruma kwa chuma. Vibarua walifyeka njia kwa mapanga, na mapanga hayo yalikuwa ya aina mbili.

Panga la kwetu alilifua Yotham mwenyewe. Fupi, nene mgongoni, zito upande wa mbele, mkia wake umechomekwa ndani ya mpini wa mti. Ukilipiga kwenye mpingo, linapinda. Unaligonga juu ya jiwe, linanyooka, kazi inaendelea. Ila linachosha mkono, na makali yake hayakai. Panga la Ulaya lilikuja ndani ya makasha. Refu, jembamba, jepesi, kali balaa. Linafyeka miiba kutwa nzima wala haliombi kunolewa. Vibarua wakalipenda, na nani asingelipenda?

Lakini hata panga kali mwishowe huwa butu. Tupa ya kunolea ilikuwa moja tu kambini, na msimamizi Mzungu aliifungia kwake. Basi kila Jumamosi vibarua wakampelekea Yotham. Naye akayafanyia mapanga ya Ulaya kama baba yake alivyomfundisha kwa ya kwetu. Akavukuta mivukuto, moto ukavuma, akalitia panga motoni hadi likawa jekundu, akagonga makali yakawa membamba, kisha akalizamisha kwenye maji. Likatoka kali ajabu. Watu wakamsifu, naye akavimba kichwa kidogo.

Haikupita wiki, mapanga yakaanza kukatika. Hayapindi, wasikilizaji. Yanakatika!

Msimamizi akasema huo ni ukaidi. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha juzi tu, na yeye aliona uasi kila mahali. Ukikatikiwa na panga, adhabu yako ni hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Wa kwanza kuchapwa aliitwa Msafiri, kibarua aliyetoka mbali, upande wa Unyamwezi. Siku ya nne akafa. Jamani! Panga likatike, mtu azikwe?

Jumatatu iliyofuata likakatika panga la Mgeni, shemeji yake Yotham, kaka wa mkewe. Hukumu ikatoka: atachapwa saa kumi jioni. Habari ikamfikia Yotham saa tano asubuhi.

Mjukuu wake, Bibi Priska, amenisimulia. "Babu alisema aliweka nyundo chini. Akajiuliza, mbona yanayokatika ni yale yaliyopita kwangu tu?"

Akachukua mapanga matatu, akaenda penye gogo la mpingo. La kwanza la kwake. La pili la Ulaya, jipya, aliloazimwa na nyapara Makame. La tatu la Ulaya pia, lakini alilinoa yeye kwa moto. Akapiga la kwake, likapinda. Akapiga jipya, likazama kwenye gogo, likatoka zima. Akapiga lile alilolinoa. Ka! Likakatika vipande viwili. Bado hakuamini. Akalichoma lile jipya, akalizamisha majini, akarudi kwenye gogo. Nalo likakatika.

Hapo akajua. Chuma chetu ukikichoma na kukizamisha, kinavumilia. Chuma cha Ulaya kinakuwa kigumu kupita kiasi, hakiwezi tena kujikunja. Mapanga yalikuwa yanaharibiwa na mkono wake mwenyewe.

Makame, mtu wa mjini, mjanja, alikuwa amesimama pale pale.

"Fundi, funga mdomo," akamwambia. "Nani atajua?"

"Mgongo wa shemeji yangu utajua."

"Na wako je?"

Yotham akainama. Akaokota vipande, akaenda kambini.

Saa kumi Mgeni alikuwa ameshalazwa kifudifudi. Yotham akaweka vile vipande mbele ya msimamizi, akaeleza kila kitu. Mgeni akaachiwa. Yotham akalazwa pale pale, akachapwa hamsa ishirini. Tangu siku hiyo mapanga ya Ulaya yakanolewa kwa ile tupa ya msimamizi tu, na hakuna aliyechapwa tena kwa panga kukatika.

Mwaka wa Uhuru, vijana wa kijiji wakamjia. Wakataka avue shati mkutanoni, watu wayaone makovu ya Mjerumani. Bibi Priska, wakati huo msichana wa miaka kumi na minane, alikuwapo.

"Aliwafukuza!" anasema. "Akawaambia, mimi nilichapwa kwa kosa langu. Msafiri naye alichapwa kwa kosa langu, na hakurudi kwao. Kamtafuteni yeye mumpigie makofi."

Kabla hajafa akamwachia Priska agizo moja: watafute watu wa Msafiri. Bibi ametafuta Tabora, ametafuta Nzega, hakuwapata. Wiki iliyopita akanipigia simu. "Mwanangu, miguu yangu imekataa. Sauti yako inafika mbali."

Ukoo wa Yotham, poleni, na asanteni kwa kutotuficha. Nasi tuliobaki tujiulize leo, taratibu: kuna mtu anayebeba lawama yangu?

Na wewe unayenisikiliza huko magharibi. Kama kwenu kuna babu aliyeitwa Msafiri, akaenda kwenye reli ya Mjerumani asirudi, mkaambiwa labda alitoroka, labda alioa huko akawasahau. Hakuwasahau. Alifia Gulwe, mwaka 1909, na kosa halikuwa lake. Fundi Yotham anawaomba radhi. Poleni sana.