Damu ya Josline

Mkataba wa amani ulikuwa na miaka mitatu, na kijiwe cha kahawa cha Adit, pale Hai Jalaba mjini Juba, kilikuwa kimejaa madaktari ambao hakuna hata mmoja aliyesomea. Waiswa, dereva wa bodaboda aliyevuka mpaka kutoka Iganga, alifika saa tisa alasiri akakaa, maana nyumbani hakutaka kuwahi. Mkewe Josline alikuwa amemeza dawa za kifua kikuu miezi minane, kikohozi kikagoma, mwili ukaisha. Kisha watu wa utafiti wakasema si kifua kikuu: mapafu yanavimba yenyewe, mwili unajipiga vita. Alama ya ugonjwa huo kwenye damu bado inatafutwa, basi wakamtoa damu vichupa vitatu, vikaenda Nairobi. Hadi leo kimya.

— Hiyo alama iko kama stesheni ya redio, alisema Lubega, fundi redio waliyemwita Waya. — Damu yote inapiga kelele. Wao wanazungusha tu, mpaka waipate.

— Lakini kwa nini damu? Adit aliuliza huku akimimina. — Makohozi si yapo?

— Walipima mara tatu, Waiswa akajibu. — Mdudu mafi, hakuna kabisa.

— Damu nzito kuliko maji, alisema Loro, aliyerudi kutoka ukimbizini Arua na vitabu viwili, wakambatiza Profesa. — Makohozi ni maji tu.

— Profesa, hiyo methali ni ya ndugu, alisema Waya.

— Na mapafu si ndugu? Yako mawili, yamezaliwa pamoja.

Waiswa alicheka kidogo, halafu akajiona mbaya kwa kucheka.

— Mimi nasema ni baruti, Profesa akaendelea. — Hii mchanga ya Juba imekunywa baruti miaka ishirini. Mtu anafagia, anavuta. Wakiona hiyo alama, watasoma mpaka jina ya bunduki.

— Josline amekuja juzi tu, baada ya amani. Baruti gani? Waiswa akauliza.

— Baruti haiulizi pasipoti.

— Kalas, acheni hiyo, alisema Waya. — Kama mwili unajipiga, dawa yake ni mkataba. Damu upande huu, mapafu upande ule, wote wasaini.

— Daktari wa utafiti ameahidi kumjaribia dawa ya kupunguza uvimbe, Waiswa alisema taratibu. — Na alisema hii ugonjwa haiambukizi.

Hapo alikuwa amefika Keji, jirani wa Waiswa wa uani, kule mtaa wa Atlabara, aliyepita kununua tangawizi kwa Adit. Hakuwa mtu wa kijiwe, na hakukaa.

— Baba Fortunate, haiambukizi?

— Haiambukizi.

— Alisema lini?

— Wiki tatu sasa.

— Basi mbona Mama Fortunate bado anakula peke yake, nyuma ya nyumba?

Waiswa ndiye aliyemtengea mkewe sahani, kikombe na mkeka. Yeye ndiye aliyempeleka binti yao Fortunate Iganga, huku mama akipunga mkono kutoka mbali kama alivyoamriwa. Aliposikia haiambukizi, badala ya furaha ilimjia aibu, na tangu siku hiyo hajaweza kumtazama Josline usoni.

— Mama Fortunate ameniuliza jana, alisema Keji. — Ameniuliza kama daktari alikwambia lolote.