Nafasi ya Baba

Kijiwe chetu kiko hatua hamsini kutoka daraja la mpakani, hapa Maputsoe: ubao mmoja juu ya kreti mbili za bia, jiko la kahawa la 'M'e, yaani Mama, Matšeliso, na mashine yangu ya kutoa kopi chini ya turubai. Anayerudishwa na uhamiaji kwa kukosa karatasi lazima apite mbele yetu, na akipita tunampa ushauri, atake asitake. Mwenyekiti ni Ntate, yaani Mzee, Pasipoti, mchimba dhahabu mstaafu aliyejaza pasi tatu kwa mihuri. Mpinzani wake ni Wakili, aliyefagia mahakama miaka kumi na minane mpaka sheria zikamwingia kwa masikio.

Jumatatu ile, saa mbili asubuhi, alikuja Lineo, binti wa mtaa wa nyuma anayeshona jinzi kiwandani. Alikuwa amembeba mgongoni kwa blanketi mwanawe Reitumetse, miaka sita. Mtoto yule ana tundu moyoni. Akikimbia kidogo tu, midomo inageuka zambarau. Saa saba mchana walitakiwa wawe mbele ya daktari wa moyo Bloemfontein, ng'ambo. Wakikosa, zamu nyingine ni baada ya miezi minane.

— Wamenirudisha, Lineo akasema, akakaa. Wanataka barua ya kiapo ya baba yake, kwamba ameniruhusu nivuke na mtoto.

— Na huyo baba yuko wapi? akauliza Pasipoti.

— Welkom, ng'ambo huko. Mgodini.

— Si umpigie?

— Hapatikani.

— Tangu lini?

Lineo akamtazama mtoto, ambaye 'M'e Matšeliso alishampa andazi la moto.

— Muda, akasema.

Wakili akasafisha koo.

— Kisheria, baba asiyepatikana miaka miwili ni marehemu wa muda.

— Marehemu wa muda ndiyo nini tena? nikamuuliza.

— Amekufa, ila akirudi anaruhusiwa.

— Huyo ni wewe kila mwisho wa mwezi nikidai hela ya kahawa, 'M'e Matšeliso akamwambia, huku akimimina kahawa.

— Cheka tu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Tunamwandikia cheti cha kifo hapa hapa, binti anavuka.

— Na wakimuuliza kaburi liko wapi? nikasema.

— Wajane hawaulizwi maswali magumu.

Pasipoti akatikisa kichwa kama mwalimu aliyechoshwa na darasa.

— Mnaua watu bila sababu. Haba na haba hujaza kibaba, au siyo? Hapa tuko wanaume watatu. Mmoja atoe pua ya kufanana na mtoto, mmoja atoe sahihi, mmoja atoe sauti ya kujibu simu. Baba mzima huyo.

— Pua yako, ntate, akasema Wakili, inahitaji pasi yake peke yake.

— Basi wapite mtoni. Maji yako magotini. Mimi nilivuka hapo kabla hujaota meno.

Lineo akainua macho.

— Nikikamatwa naye majini, zamu imekwenda, na mimi nimekwenda. Huyu atabaki na nani?

Tukanywa kahawa.

Pembeni ya ubao alikuwa amekaa mama mmoja tusiyemjua, ndoo ya kuchumia matunda ya cheri miguuni, anasubiri kahawa yake ipoe.

— Samahani, akasema. Cheti cha kuzaliwa kinasemaje?

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amekiangalia. Mimi mwenyewe nimewahi kukitoa kopi mara mbili, lakini mimi natoa kopi, sisomi.

Mama yule akamgeukia Lineo.

— Ofisa amekiona?

— Hapana. Aliniuliza baba yuko wapi, nikasema Welkom kabla sijakitoa.

— Kitoe, mwanangu.

Lineo akakitoa kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki. Penye mama, jina lake. Penye baba, mstari mtupu.

— Sikutaka kukifungua mbele ya foleni, akasema kwa sauti ndogo. Shuleni walikisoma kwa sauti, wote wakasikia. Welkom hayupo, huwa nasema hivyo tu.

— Mimi ninao watoto watatu wa mstari huo, akasema yule mama. Navuka nao kila msimu. Barua inaombwa kwa baba aliyeandikwa. Asiyeandikwa haombwi ruhusa. Rudi, mwambie ofisa ukweli, mpe cheti na barua ya hospitali.

— Ndiko nilikokuwa naelekea, akasema Wakili.

Reitumetse alikuwa amemaliza andazi.

— Mama, kama baba hayupo Welkom, nani huwa ananitumia viatu vya Krismasi?

Pasipoti akachungulia ndani ya kikombe chake. Wakili, mwenye jibu la kila kitu duniani, akaanza kutafuta kitambaa mifukoni.

Lineo akapiga magoti, akamfuta mtoto mafuta mdomoni.

— Mimi.

— Na vile vyekundu?

— Na vyekundu.

Mtoto akafikiri.

— Vilikuwa vinanibana, akasema. Nilinyamaza ili baba asikasirike, akaacha kutuma.

Lineo akacheka, machozi yakimtoka. Akamshika mkono, wakarudi kwenye foleni. Safari hii alikuwa ameshika cheti mkononi, wazi, nje ya plastiki.

Saa tatu kasoro robo tukawaona katikati ya daraja, wakielekea ng'ambo. Mtoto alikataa kubebwa. Alikuwa anatembea mwenyewe, polepole, na kila baada ya hatua kumi mama yake anasimama kumsubiri.