Ramani za Mvua za Papa Zéphirin Tshimanga

Huyu tunayemzika leo, Papa Zéphirin Tshimanga, alizaliwa Katuba tarehe 14 Mei 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu aliyetoka Kasai. Alisoma papo hapo Katuba, akamaliza jiografia kwenye iniversite ya Lubumbashi mwaka 1976, na mwaka uleule akaanza kazi ya kupima mvua na kuchora ramani.

Tarehe 6 Desemba 1980 alimwoa Maman Cathy. Kanisani alimnong'oneza padri afupishe mahubiri, mvua inakuja. Padri hakufupisha. Bibi arusi alilowa chapachapa, na bwana arusi akacheka, maana hesabu yake ilitimia.

Mwaka 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa hapa Lubumbashi na majirani wakasimama tu kutazama, wengine walibeba sufuria hadi gare, stesheni ya treni. Yeye alibeba ramani, amezifunga katika kikwembe cha mkewe. Mashini ya kushona ya Maman Cathy ilibaki, na mama hakuacha kumkumbusha. Walikaa Mwene-Ditu, kule Kasai, hadi 1999, wakarudi, naye akaendelea kuwachorea walewale waliomfukuza.

Ramani zake zilionyesha mvua inavyopungua, na mahali pachache penye chemchemi ambapo miti, nyuki na ndege wangepata kimbilio joto likizidi. Hakumnyima mtu nakala. Alikuwa akisema, "Mvula haiko ya muntu. Sasa hesabu yake itakuwa ya nani?"

Mwaka 2017, kwenye mkutano kule hoteli ya Karavia, aliwapa wakubwa wa mradi mmoja ramani ya mushitu, msitu wa chemchemi ulio upande wa njia ya Kasumbalesa, ili wauhifadhi. Walipiga makofi, wakala, wakaondoka. Kiangazi kilichofuata alikwenda kuutazama, akakuta visiki na magunia ya makala, mkaa wa kuuza. Alipojitaja jina, dereva wa lori alitoa nakala ya ramani ileile, akamshika mkono kwa furaha: "Papa, aksanti. Bila hii karte tungepotea mu pori." Nani aliyempa nakala hiyo, mradi haujajibu hadi leo.

Presha ilimpanda mwaka ule na haikushuka tena. Alifariki nyumbani Katuba tarehe 9 Februari 2024. Siku zake za mwisho aliomba ukurasa wa nyuma wa programu hii ya mazishi uchapishwe ramani ya mushitu mwingine, ule uliobaki, ili watu waujue na kuutetea. Tangu kuolewa, Maman Cathy hakuwahi kumkatalia. Safari hii alisema, akimwita kwa jina la mwana wao, "Papa Aaron, kwa ile, hapana. Nilikufuata na zile karte mpaka ku gare. Hii moja itabaki na miye."

Ameacha mjane, watoto wawili, Aaron na Précieuse, wajukuu, na dada yake Delphine anayesoma maneno haya. Wakubwa wa mradi wameleta shada la maua, tumeliona. Wakigeuza programu watakuta ukurasa mweupe.

Mungu amlaze mahali penye mvua ya kutosha, na yeye Papa Zéphirin atusamehe kwa kumkatalia.