Mafuta Mekundu ya Honoré

Taxi, basi dogo la abiria, ilipotoka kituo cha Warwick kwenda mtaa wa Umbilo, Zilpah alifumba macho apumzike, lakini wanaume wawili waliokaa mbele yake hawakumpa nafasi.

"Gari ilikuwa nzima, ndugu," alisema Honoré, Mkongo mwenye mikono iliyojaa grisi. "Nimebadilisha mafuta ya motere mimi mwenyewe. Sasa iko inatoa moshi, na gia zinateleza."

"Uliyomwaga yalikuwa rangi gani?" aliuliza Mkenya wa kando yake.

"Mekundu. Ndiyo nikajua yameoza!"

Zilpah akafumbua jicho moja. Amelea wavulana watatu. Sauti ya mtu aliyeharibu kitu huku akijisifu anaijua.

"Bwana, hayo ni ya giaboksi!" alimaka Mkenya. "Umeiacha kavu, halafu injini, hiyo motere yako, ukaijaza mara mbili."

"Kama motere imeshiba, shida iko wapi?"

"Gari lenyewe liko wapi?"

"Bibi yangu ameenda nalo kumpokea mama yake." Honoré akashusha sauti. "Ni mara ya kwanza anakuja kwetu. Nilitaka aone mkwe anayejua kazi."

Ataona, aliwaza Zilpah.

Taxi ikasimama. "Si ulisema unashuka hapa?" Mkenya aliuliza.

Honoré alichungulia nyumba yake dirishani. Nje hakukuwa na gari, na walipaswa kuwa wamefika zamani.

"Mbele kidogo," akamwambia dereva.