Kisulisuli Nyuma ya Bawa

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wazee wachache mliojitokeza, asanteni kwa kuniita mbele. Nitashika hiki kiti nikisema. Nimekuja kusema juu ya hofu. Si hofu ya Mungu, hiyo mmefundishwa vizuri. Nasema ile inayokuamsha umelowa jasho na huwezi kumwambia mtu unaogopa nini.

Mnakumbuka mwaka ule wa mafuriko, kabla ya Uhuru. Mto Kuja ulifurika, barabara ya Migori ikakatika, lori halipiti, hata punda hapiti. Mimi nilikuwa muuguzi katika hospitali ya misheni upande wa Homa Bay. Tulikuwa na ndege ndogo ya kupeleka dawa Migori, na rubani wake alikuwa Mzungu mmoja mwembamba, mtu wa maneno machache. Kwenye kiwanja cha nyasi cha Migori ilitua pia ndege kubwa ya mizigo iliyoleta mahindi ya njaa.

Siku moja nilikuwa ndani ya ndege yetu na dawa, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Ile kubwa ikashuka kutua, sisi tukaifuata karibu karibu. Tulipokaribia chini, yawa! Ndege yetu ilishikwa. Bawa moja likaenda juu, lingine likaelekea ardhini, na dirishani nikaona mbuzi wa watu mahali nilipokuwa naona mawingu. Rubani alizungusha usukani mpaka mwisho, ndege haikusikia. Nikasema basi, nimekufa. Halafu ikatuachilia ghafla, tukagonga chini, chupa za dawa zikavunjika. Hakuna aliyeumia. Nilitoka nikalala kifudifudi, nikashika nyasi kwa mikono miwili.

Ndugu zangu, nawaambia, kuanzia hapo sikuwa mtu. Kinu cha posho kikianza kunguruma sokoni, naacha kikapu nakimbia. Usingizi ukapotea. Mama mkwe akasema kuna mtu amenitupia jicho. Wenzangu wa wodi wakanicheka: "Sista, bado uko angani?" Kama ingekuwa mvua, ningeilaumu mvua. Kama ingekuwa injini, fundi angeitengeneza. Lakini kitu kisichoonekana, siku ya jua, kinapindua chuma! Nitakikimbiaje na sijui kinakaa wapi? Nikamwambia daktari, mimi na ndege basi.

Sasa sikilizeni. Haukupita muda, ujumbe ukaja kwa redio ya polisi kutoka Migori. Kuna mama ametolewa kijijini Masara amebebwa kitandani, mimba ya kwanza, uchungu tangu jana na mtoto hatoki. Lazima apasuliwe, na kule hakuna wa kumpasua. Wakataja jina. Alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Daktari alitakiwa kubaki atayarishe chumba cha upasuaji, na siku hiyo mkunga alikuwa mimi peke yangu. Ikabidi niende mimi kumchukua.

Nilifika kwenye ndege, nikashindwa kupanda. Nililia, jamani, watu wakiniona. Nikangoja rubani aseme "usiogope," kama walivyosema wote. Hakusema. Alichukua mkono wangu akauweka juu ya bawa.

"Sista, nikuonyeshe kile kilitupiga," akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Akaeleza: bawa likibeba ndege, hewa ya chini inabanwa, inatafuta pa kutokea. Inakimbilia kwenye ncha, inapanda juu, inajiviringisha. Kila bawa linaacha nyuma yake kisulisuli kilicholala ubavu, kama maji yanavyozunguka nyuma ya kasia. Ndege ikiwa nzito na inaenda polepole, kisulisuli kinakuwa na nguvu zaidi. Kinashuka taratibu, na pasipo na upepo hakivunjiki upesi. Akanionyesha vile vibao vya nyuma ya bawa, vinavyopanda na kushuka ili ndege ilale upande. "Siku ile nilivipindua mpaka mwisho. Kikavishinda. Nilifuata karibu mno."

Nikapanda. Sisemi hofu iliisha. Nilipanda nayo.

Tulipofika Migori, mnajua tulikuta nini mbele yetu? Ile ile ndege kubwa, inashuka. Na kando ya kiwanja nikaona kitanda, watu wamekizunguka, mwanamke mmoja ameshika kichwa. Nikapiga kelele, "Shuka! Anakufa!" Mimi huyu niliyelia kupanda! Rubani akazunguka juu. Akanionyesha kwa kidole moto wa mavi ya ng'ombe, ambao wachunga ng'ombe waliuwasha mwanzo wa kiwanja ili aone upepo. "Tazama moshi. Ukinyooka, niambie."

Moshi ulikuwa umesimama wima. Ile kubwa ikapita juu yake, na kwanza sikuona kitu. Kisha moshi ukakamatwa, ukavutwa kando, ukajisokota kama kamba, ukazunguka, ukazunguka. Nikakiona! Kile kilichoninyima usingizi kilikuwa pale chini, na mdogo wangu amelala ng'ambo yake. Kilipoanza kulegea, ulimi uliniwasha niseme "sasa." Nikaung'ata. Moshi ukajisokota tena. Nikamwita Nyasaye, Mungu wetu, kwa sauti. Ndege kubwa ilikuwa imeshatoka njiani, kitanda hakisogei, na mimi nangoja moshi!

Ukanyooka. "Sasa," nikasema. Tukashuka kutoka juu zaidi kuliko siku ile, tukapita mahali ile kubwa ilipogusa ardhi, tukatua mbele ya hapo, kisulisuli kisipofika, salama.

Wakati wa kurudi, mdogo wangu alinishika mkono. "Dada, unaogopa?" Nikamjibu, "Sana." Akasema, "Afadhali. Nilidhani ni mimi tu." Mtoto alitolewa akiwa amelegea, hana sauti, daktari akampulizia hewa mpaka akalia. Mdogo wangu akapona, na mtoto mwaka huu anaingia shule.

Kwa rubani, kwa daktari, kwa wale wanaume wa Masara waliobeba kitanda kwenye matope, na kwa wachunga ng'ombe na moto wao: ero kamano, asanteni sana. Na wewe uliyekaa hapo nyuma na hofu usiyoweza kuitaja, usitoke mbio tukimaliza. Njoo tukae. Sitakwambia usiogope. Nitakuuliza ulikuwa wapi, na kilikushika namna gani.